Adui mwombee njaa

Chuma kilipofika usawa wa mapaja na magoti yakanyooka, nilisikia makofi. Kilo 100. Kwa karibu miaka mitatu namba hiyo ilikuwa imesimama mbele yangu kama mlango uliokomewa kwa ndani. Nilikirudisha chini, nikafungua mkanda, nikakaa sakafuni nikicheka peke yangu.

Rafiki yangu alikuwa akinirekodi. Alinitumia video palepale, nami nikaifungua nikiwa bado nahema, sauti ya simu nimeizima.

Nikaona tumbo.

Mgongo ulikuwa umenyooka, na chuma kilipita magotini bila kusita, mahali ambapo kwa miezi kilikuwa kinanikwamia. Hayo sikuyaona. Niliona tumbo lililofura juu na chini ya mkanda, na mkunjo wa nyama ubavuni pale fulana ilipopanda. Video yenyewe ilikuwa ya sekunde tisa. Niliitazama mara nne, nikaifuta.

Jioni yake binti mmoja ninayefanya naye mazoezi akaniandikia: "Dada, nasikia umevuta mia! Nitumie video basi." Nikamjibu kwamba haikutoka vizuri, mwanga ulikuwa hafifu.

Taa za mle jimu zingetosha uwanja wa mpira.

Uongo ule umenikaa kooni kama mfupa wa samaki kwa wiki sita sasa. Si kwamba ni uongo mkubwa. Ni kwamba nilidhani mimi si mtu wa kuusema tena.

Nilidhani nilishapona

Nilikimbilia vyuma nikiikimbia mizani. Yaliyotangulia sina haja ya kuyasimulia. Karibu kila mwanamke anayesoma hapa ana yake, na yanafanana kuliko tunavyopenda kukiri. Mizani ilinifundisha kwamba namba njema ni ile inayoshuka. Vyuma vikaja na habari nyingine kabisa: namba inapanda, na watu wanakupigia makofi.

Miezi ya mwanzo ilikuwa kama likizo. Nililala vizuri, nilikula nikashiba, nilipita mbele ya kioo bila kusimama. Niliandika hapahapa, kwa majivuno ya mwanafunzi wa wiki mbili, kwamba vyuma vimenitibu. Wengi mlinipongeza. Pongezi zile nazirudisha.

Hakimu hakuwa ameondoka. Alikuwa amebadilisha joho. Zamani aliuliza kilo ngapi. Sasa akawa anauliza kama mstari wa bega umeanza kuonekana, kama tumbo limekaza, kama jana ile kijiko cha mafuta kilikuwa kimoja au kimoja na nusu. Nikanunua mizani ndogo ya jikoni. Nikapakua programu ya kuhesabu kalori. Neno "kupungua" nikalifukuza, nikaweka "kukauka", maana ndilo wanalosema watu wa vyuma, na kwenye masikio yangu lilikuwa na heshima zaidi. Mtu anayejinyima anahurumiwa. Mtu anayekauka anaulizwa siri yake.

Na kweli niliulizwa. Nikaitoa siri yenyewe kwa ukarimu: orodha ya siku saba, asubuhi hadi usiku, gramu kwa gramu. Kumbukeni orodha hiyo, nitairudia.

Tumbo la kazi

Kwanza nilitetee tumbo langu, maana siku ile halikuwa na wakili.

Mtu anayenyanyua mzigo mzito kutoka chini huvuta pumzi ndefu, akaishusha mpaka chini ya mbavu. Kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, kinashuka. Kisha anakaza pande zote, mbele, ubavuni na kiunoni, kama anayesubiri ngumi. Shinikizo linalojengeka ndani linaufanya mwili wa kati kuwa nguzo, na uti wa mgongo unapata kitu cha kuegemea. Mkanda nao wengi hudhani ni wa kulibana tumbo liingie. Ni kinyume. Mkanda ni ukuta, na kazi ya tumbo ni kuusukuma kwa nguvu zake zote. Kocha wangu hana maneno mengi, anaposimama nyuma ya mtu husema mawili tu: "Jaza tumbo!"

Maana yake ni kwamba tumbo bapa, katika sekunde ile, ni tumbo lisilofanya kazi. Lile nililolifuta kwenye simu ndilo lililoshika kilo 100.

Haya yote niliyajua siku ile. Nimewahi hata kuwafundisha wengine, nikiwashika ubavuni ili wasikie pumzi inavyokwenda. Kujua hakukunisaidia kitu. Hapo ndipo nilipoanza kupata wasiwasi, kwa sababu mimi ni mtu wa kusoma, na siku zote nimeamini kwamba nikielewa jambo vizuri litaacha kuniuma.

Mwanamke aliyeitwa Kibonge

Katika kutafuta wa kunifariji nilirudi kwa Abbye Stockton. Alizaliwa mwaka 1917, na katika miaka ya 1940 alikuwa akinyanyua vyuma, na hata watu wazima, ufukweni Santa Monica, California. Mwaka 1944 alianza kuandika safu ya wanawake katika jarida la Strength & Health, na mwaka 1947 alishiriki kuandaa mashindano rasmi ya wanawake ya kunyanyua vyuma, ya mwanzo kabisa nchini Marekani. Madaktari, makocha na majirani walikuwa wakiwatisha wanawake kwamba vyuma vitawageuza wanaume. Yeye akatokea kwenye picha akiwa amembeba mwanaume mzima juu ya kichwa, akitabasamu.

Dunia ilimjua kwa jina la Pudgy. Kibonge. Lilikuwa jina la utani la utotoni, nyumbani, halikumtoka hata alipokuwa na kilo 52 na misuli ya kuchorwa.

Hapo nilicheka. Kisha nikaacha kucheka. Ukizitazama picha zile kwa makini unaona masharti yaliyoandikwa pembeni bila wino: unaruhusiwa nguvu, ilimradi ubaki kuwa mrembo. Ndiyo hoja iliyoshinda wakati ule, na pengine hakuna nyingine ingesikika. Hata hivyo wanaume walinyanyua vyuma kwenye Olimpiki tangu Athens mwaka 1896, na wanawake wakaingia Sydney mwaka 2000. Miaka 104 ya kutafakari.

Mimi mwenyewe nimelipa kodi ya masharti hayo. Kila mwanamke mgeni anapokuja jimu akiniuliza kwa sauti ya chini kama "hatakuwa kama mwanaume", namjibu haraka: hapana dada, usiogope, homoni yetu ya testosteroni ni ndogo mara kumi na zaidi kuliko yao, misuli mikubwa haiji kwa bahati mbaya. Ni kweli tupu. Ila nikiisikiliza sauti yangu sasa, nasikia nampa hakimu wake taarifa za kumridhisha. Sijawahi kumuuliza: na ikija, je?

Hesabu ya njaa

Wahenga waliposema adui mwombee njaa, walijua wanachokisema. Ni silaha isiyo na kelele. Haiachi jeraha, na aliyepigwa nayo hudhani amechoka tu.

Mimi nilijiombea mwenyewe, nikaiita nidhamu.

Hesabu yake ni hii, na naiweka wazi kwa sababu ningeiona mapema ningejiepushia mengi. Nilikuwa na kilo 62. Kwa makadirio, 16 zilikuwa mafuta, na 46 zilizobaki ni misuli, mifupa, viungo vya ndani na maji. Nilikula kalori 1,600 kwa siku, namba niliyoiokota sikumbuki wapi na kuishika kama amri. Vyuma pamoja na mbio za kumalizia vilikula kama 400. Zinabaki 1,200 za kuendeshea kila kitu kingine: moyo, ubongo, joto, ngozi, nywele, homoni, mifupa. Gawanya kwa 46.

Kalori 26 kwa kila kilo ya mwili usio na mafuta.

Mwaka 2003 Anne Loucks na mwenzake Jean Thuma walichapisha utafiti wa wanawake vijana 29 wenye hedhi ya kawaida. Waliwapa viwango tofauti vya hiyo nishati inayobaki baada ya mazoezi: 45, 30, 20 na 10. Kwenye 45 mwili unajiendesha bila wasiwasi. Chini ya 30, homoni iitwayo LH, inayotoka kwenye ubongo kwa mapigo na kuyaamsha mayai, ilianza kuvurugika mpangilio wake. Hiyo 30 si uzio. Wako wanaoumia wakiwa juu yake, na wako wanaovumilia chini yake. Lakini muda wa jaribio lenyewe ndio ulionikata maini.

Siku tano.

Mimi nilikaa miezi kumi na moja.

Mwili ukinyimwa haufi papo hapo. Unakopa. Kwangu ulianza kukopa kwenye joto. Nilivaa sweta wakati wenzangu wanajipepea. Ukahamia kwenye usingizi, nikawa naamka saa tisa usiku macho makavu, nawaza chakula cha asubuhi. Ukakopa kwenye subira yangu, waulizeni niliokuwa nao kazini. Nikaumia nyonga, jeraha dogo lisilopona. Halafu siku zangu zikachelewa, zikaruka mwezi, zikaacha kuja.

Na mnajua nilihisi nini? Nafuu. Usumbufu mmoja umepungua. Niliwahi hata kusikia jimu kwamba kukata hedhi ni dalili kuwa mazoezi yamekolea, nikalibeba neno hilo kama medali.

Naomba tusimame hapa kidogo. Hedhi ikikatika miezi mitatu na huna mimba, huo ni wito wa kwenda kwa daktari. Homoni ya estrojeni inaposhuka, mifupa inapoteza mlinzi wake, na mifupa ya mwanamke hufikia ukomo wa uimara wake karibu na umri wa miaka 30. Baada ya hapo tunatumia akiba. Na kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango, damu unayoiona kila mwezi ni ya vidonge. Haithibitishi kwamba mwili wako unakula vya kutosha.

Jambo hili si jipya wala la siri. Wataalamu wa tiba ya michezo Marekani walilipa jina mwaka 1992, utatu wa mwanamichezo wa kike: kula pungufu, hedhi kukatika, mifupa kudhoofu. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikapanua mawazo, ikaonyesha kwamba upungufu wa nishati unagusa moyo, kinga, tumbo na akili, na kwamba hata wanaume hupatwa. Wote hao walikuwa wakiwazungumzia wanariadha. Mimi si mwanariadha, nilijiambia. Mimi ni mtu wa kawaida mwenye kadi ya jimu.

Wanaume 36

Kilichonifanya niache kujiona mlafi ni kisa cha wanaume.

Kati ya mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Ancel Keys aliwachukua vijana 36 wenye afya, waliokataa kubeba silaha kwa imani zao na kujitolea kwa hiari. Dunia ilikuwa vitani, na alitaka kujua namna ya kuwarudisha waliokumbwa na njaa. Kwa miezi sita aliwalisha kalori takriban 1,600 kwa siku, karibu nusu ya mahitaji yao, huku wakitembea kilometa nyingi kila wiki. Walipoteza kama robo ya uzito wao.

Wakawa wanasoma vitabu vya mapishi kama riwaya. Wakalamba sahani. Wakatafuna ubani bila kukoma, wakachanganya vyakula kwa namna za ajabu ili mlo udumu. Walikasirika ovyo, wakajitenga, wakapoteza hamu ya mapenzi.

Vijana wa kiume. Bila kioo, bila magazeti ya urembo, bila shangazi wa kuwaambia wamenenepa.

Miili yao ilikuwa mikubwa kuliko wangu, hivyo namba zetu hazilingani sawasawa. Hata hivyo nilipoiona ile 1,600 niliweka simu chini. Miaka yote nilikuwa nadhani kuwaza chakula mchana na usiku ni udhaifu wangu, kasoro ya kike inayohitaji nidhamu zaidi. Kumbe ni njaa. Mtu mwenye njaa huwaza chakula, kama mtu mwenye kiu anavyowaza maji.

(Keys huyohuyo ndiye aliyekuja mwaka 1972 kukipa jina kipimo cha BMI, ile hesabu ya uzito na urefu iliyobuniwa na Mbelgiji Adolphe Quetelet katika karne ya 19. Hesabu hiyo haijui misuli ni ipi na mafuta ni yapi. Nacheka kila ninapokumbuka kwamba mtu mmoja alituachia ushahidi wa njaa na rula tuliyojichapia.)

Chuma na chuma

Daktari aliponiuliza nakula nini, nilimjibu kwa fahari, nikitaja protini kwanza. Na kwenye protini sikuwa na kosa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018, uliojumlisha tafiti 49, ulionyesha kwamba kwa wastani faida ya misuli hufika ukingoni kwenye gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwangu hiyo ni kama gramu 100, na nilizifikia kila siku. Ndiyo maana sikushtuka mapema. Sahani ilikuwa na kuku, mayai na maharage; ilionekana ya mtu anayejijali. Iliyokosekana ni wanga na mafuta ya kutosha, na mwili usipopata kuni huchoma hata mbao za kujengea nyumba.

Alipima damu pia. Nilikuwa napungukiwa madini ya chuma. Lugha yetu ina utani wake: nilikuwa nabeba chuma mkononi mara nne kwa wiki, na damuni sina. Mwanamke anayepata hedhi anahitaji takriban miligramu 18 kwa siku, mwanaume 8, na bado kwenye meza nyingi mwanamke ndiye anayewekewa kipande kidogo cha nyama au anayejiwekea mwenyewe. Chai na kahawa zikinywewa pamoja na chakula huzuia chuma cha kwenye nafaka na mboga kunyonywa. Tunda lenye vitamini C husaidia. Vidonge msijinunulie kwa kubahatisha. Pimeni kwanza.

Kisha ikaja sehemu ngumu. Kula.

Mwili haujengwi kwa matofali, tunasema kwa kicheko huku tukimwongezea mgeni sahani. Kujiongezea mwenyewe ni kazi nyingine. Wiki ya kwanza mizani ilipanda kilo mbili, nikalia. Baadaye nikaelewa: wanga unapohifadhiwa kwenye misuli kama glaikojeni, kila gramu moja hukaa na gramu tatu hivi za maji. Nilikuwa nimejaza tangi. Lakini wakati ule nilichoona ni namba, na kidole changu kilikwenda chenyewe kwenye programu kupunguza chakula cha kesho. Niliisukuma mizani uvunguni. Nikawa naiona kila nilipofagia. Mwishowe nikamgawia mtu.

Hedhi ilirudi mwezi wa tano. Nyonga ikapona. Vyuma vilivyokuwa vimegoma kwa mwaka mzima vikaanza kuongezeka, na nina hakika bila kile chakula kilo 100 ningeendelea kuziota. Suruali mbili hazikupita tena mapajani.

Kwa hiyo mwili ulinisamehe ndani ya nusu mwaka. Jicho langu, kama video ile inavyoshuhudia, bado.

"Dada, unakula nini?"

Wiki ya tatu baada ya ule uongo, binti yule alinikuta nikifunga viatu. Akakaa pembeni yangu. Vyuma vyake vimegoma, akasema. Hata uzito alioubeba mwezi uliopita sasa unamshinda.

"Unakula?" nikamuuliza.

"Nakula vizuri sana, dada. Nafuata yako."

Akafungua simu. Ilikuwa ile orodha. Siku saba, gramu kwa gramu, ameipiga picha kutoka kwenye blogu hii na kuihifadhi, ameichora alama za vema kwa rangi ya kijani. Mwezi wa nne anaifuata. Yeye ni mrefu kuliko mimi, na anafanya kazi ya kusimama kutwa.

Sikujua nianzie wapi. Nikamuuliza kuhusu siku zake. Akatazama sakafu, akajibu kwa sauti ya mtu anayedhani amefaulu: "Hizo zimeniacha kitambo."

Tulikaa pale mpaka watu wakaanza kuzima taa. Nilimwambia yote: sweta, saa tisa za usiku, ile nafuu ya kijinga, daktari. Nilimwambia orodha ile niliiandika nikiwa na njaa, na kwamba yule anayeonekana kwenye picha zangu zile za "mafanikio" alikuwa mgonjwa. Hakulia. Aliniuliza swali moja, nalo sikulitegemea: "Sasa mbona ulinificha ile video?"

Nikamwambia kwa nini.

Alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Mimi nilidhani wewe umeshavuka hayo."

Nilidhani pia.

Usiku ule niliifuta orodha. Ilikuwa mara ya pili kufuta kitu ndani ya mwezi mmoja, na sijui nifurahie kipi. Makala yenyewe nimeiacha, na juu yake nimeandika kilichotokea. Kama na wewe uliihifadhi, tafadhali itoe kwenye simu yako.

Kisha nikamwandikia rafiki yangu aliyenirekodi, nikamwomba anitumie tena ile video. Akajibu baada ya siku mbili. Simu ilijaa, alifuta vingi, hiyo ikiwemo. "Si ulikuwa nayo wewe?" akauliza.

Nilikuwa nayo.

Jumamosi

Binti amekwenda kwa daktari. Majibu ni yake, siyaandiki hapa. Anakula zaidi, anaogopa zaidi, vyote kwa pamoja, na ananitumia picha za sahani zake akiniuliza kama amezidisha. Namjibu hapana. Wakati mwingine nikishamjibu narudi kwenye sahani yangu na kuongeza kijiko, kwa aibu ya kusema nisilolitenda.

Aliruhusiwa kurudi kwa uzito mwepesi. Jumamosi kocha alimpa mkanda kwa mara ya kwanza, ili ajifunze kuutumia, akaniachia mimi nimwelekeze. Nilimfunga. Nikampa simu yake pa kuiegemeza, akakataa. Alitaka nirekodi mimi.

Akasimama mbele ya chuma. Akavuta pumzi, kisha macho yakaenda kwenye kioo, mkono ukaishusha fulana, na tumbo likarudi ndani.

"Jaza tumbo," nikamwambia.

"Linaonekana, dada."

"Ndiyo. Jaza tena."

Akavuta pumzi upya. Nililiona likiusukuma mkanda, mbele, ubavuni, nyuma, mpaka ngozi ya mkanda ikalia. Chuma kikaondoka chini, kikapita magoti, kikasimama naye. Nyuma yangu mtu akapiga kelele, sikugeuka kumwona ni nani.

Alikirudisha taratibu, akaja moja kwa moja kwangu, mkono ameunyoosha akitaka simu.

Nikampa. Sauti nilikuwa nimeiwasha.